Kidawa, mwanamke anayesimamisha gofu ili watu wasalimiane

Umande haujakauka, na jua ndiyo kwanza linachungulia kati ya minazi ya Mtondooni, kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia, kwenye barabara mbovu iendayo Bweni. Wageni wanne wamesimama kwenye shimo la nne la uwanja wa gofu. Mmoja wao, mwanamume mrefu mwenye kofia nyeupe, ameshaikamata fimbo, ameshapanga miguu, ameshavuta pumzi.

Ngo! Ngo! Ngo!

Ni rimu kuukuu ya lori, imetundikwa kwenye mti kando ya njia ya miguu inayoukata uwanja. Mtu ameigonga kwa kipande cha nondo.

Mwanamke mwembamba, mwenye ushungi wa kijani na viatu vya mpira, ananyanyua mkono. "Fimbo chini, tafadhali," anasema. Sauti yake haina ukali, lakini haina mzaha pia.

Mgeni anashusha fimbo. Kutoka upande wa kijiji wanatokea wanawake watano wenye mabeseni kichwani. Wanakwenda dagoni, kambi ya wavuvi waliokuja kwa msimu kutoka Kilwa, Rufiji na Bagamoyo, kuwauzia vitumbua, mihogo ya nazi na uji wa moto.

"Shikamoo, mama," mgeni anamwambia aliyetangulia, kwa Kiswahili cha kuazima.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Na wenzako? Na huko kwenu hawajambo?"

Mgeni anageuka kutafuta msaada. Kidawa anamnong'oneza jibu, naye analirudia neno kwa neno. Wanawake wanacheka, wanamshukuru, wanapita. Hakuna anayetazama saa. Kina mama wanapofika upande wa pili, Kidawa anaitikia kwa kichwa, na mchezo unaendelea.

Huyo ndiye Kidawa Matano, mwenye umri wa miaka 47, mama wa watoto watatu na msimamizi wa Uwanja wa Mtondoo, uwanja mdogo wa mashimo tisa uliotengenezwa ndani ya shamba la zamani la minazi. Ndiye anayepanga nani aanze na nani asubiri. Ndiye anayewafunda makedi, yaani wabeba mikoba ya fimbo. Na ndiye anayempa kila mgeni maneno machache ya adabu kabla hajagusa mpira.

Maneno hayo mengi yapo katika kila uwanja wa gofu duniani. Mwenzako anapotaka kupiga, nyamaza. Kivuli chako kisiuangukie mpira wake. Bonge la nyasi ulilolichimbua lirudishe mahali pake ulikanyage. Ukitoka kwenye mchanga, futa nyayo zako. Wanaokwenda haraka kuliko wewe, wapishe.

Lakini Mtondoo kuna adabu nyingine ambayo haikuja na mchezo. Hiyo ilipatikana hapahapa, na ilipatikana kwa jicho la mtu.

*

Baba yake Kidawa, marehemu Mzee Matano, alikuwa mkwezi wa minazi katika shamba hilohilo. Kidawa alikulia chini ya minazi hiyo akisuka makuti na mama yake na kuyauza kwa wanaoezeka nyumba. Aliolewa na Luqmani, mvuvi kutoka Kilwa aliyekuja dagoni kwa msimu mmoja na mpaka leo hajaondoka.

Hoteli yenye uwanja huu ilipolichukua shamba na kuanza kung'oa visiki, ilitafuta vibarua wa kufyeka. Kidawa alikwenda na fyekeo lake. Siku moja makedi walipungua, wageni ni wengi, na kiongozi wa makedi, Hemedi, akamwita.

"Unaweza kubeba hii?" akamwuliza, akimwonyesha mkoba uliojaa fimbo.

"Nimebeba ndoo za maji tangu nina miaka saba," Kidawa akajibu.

Kubeba aliweza. Lililomshinda siku hiyo ni jingine. Mgeni wake alikuwa mzee wa Kihindi kutoka Dar es Salaam. Walipofika shimo la kwanza, mzee akainama juu ya mpira. Kidawa akakumbuka kwamba hakuwa amemwamkia, akaona haya, akasema kwa nguvu, "Shikamoo, baba!"

Mzee alikuwa katikati ya kupiga. Mpira ulikwenda kwenye mikoko na haukuonekana tena.

"Alinitazama, nikamtazama," anasimulia Kidawa huku akicheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Halafu akasema, 'Marahaba.' Mungu amrehemu kama hayupo, amzidishie kama yupo. Angekuwa mtu mwingine, siku ile ile ningerudi kwenye makuti."

Jioni Hemedi alimweka chini. Akamwambia kwamba kwenye gofu kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Mtu akisimama kwenye mpira, usimsalimie, usikohoe, hata sarafu mfukoni isilie. Salamu zina wakati wake.

Kidawa alijifunza haraka. Ndani ya miaka michache wageni waliorudi walikuwa wakimwulizia kwa jina. Hemedi, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku, anasema hajapata kuona kedi wa namna ile.

"Wengine walijua wapi pa kusimama kwa sababu niliwaambia. Kidawa alijua kwa sababu alimtazama mtu," anasema. "Mgeni akiwa na hasira, alirudi nyuma hatua moja. Mgeni akiwa mpweke, alisogea mbele. Hilo sikumfundisha mimi."

Kijijini, hata hivyo, kunyamaza huko kulimtia matatani. Njia ya miguu inayokata shimo la nne ilikuwapo kabla ya gofu, na kina mama waliendelea kuipita. Wakimkuta Kidawa amesimama nyuma ya mgeni anayejiandaa kupiga, walimsalimia. Kidawa hakuitikia. Hakuweza. Alikuwa akisubiri mpira uondoke ndipo ageuke, na akigeuka watu wameshapita.

Maneno yakaanza kisimani. Kidawa siku hizi hasalimii. Kidawa amepata wazungu. Aliyeumizwa zaidi na jambo hilo ni Bi Mize.

Bi Mize ni mjane wa miaka sitini na kitu, mpika vitumbua ambaye wavuvi wa dagoni humngoja kila asubuhi. Kwa Kidawa alikuwa zaidi ya jirani. Ni somo yake, mwanamke aliyekabidhiwa kumfunda alipovunja ungo: namna ya kukaa, namna ya kusema na wakubwa, namna ya kuitika unapoitwa.

"Nilimwambia, mwanangu, mtu akikuita hata kama uko mbali, simama, geuka umwonyeshe uso, uitike," anasema Bi Mize, akiwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake. "Mwanamke akiitwa husema 'Abee.' Kukaa kimya ni jeuri. Sasa napita mbele yake asubuhi, namwambia hujambo Kidawa, ananipa mgongo! Niliona nimefunda ukuta."

Kidawa alikwenda kumweleza. Bi Mize alisikiliza, lakini hakuelewa mchezo gani huo unaomfanya mtu awe bubu. Waliachana kwa amani ya juujuu.

*

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, mwaka juzi, siku ya mashindano ya hoteli. Kidawa alibeba mkoba wa mkandarasi mmoja wa Dar es Salaam, mchezaji mzuri aliyekuwa akiongoza. Kidawa ameomba gazeti lisimtaje jina. "Yamekwisha," anasema. "Na ana watoto wanaosoma magazeti."

Kwenye shimo la nne mkandarasi alipiga kwa nguvu. Mpira ulipaa vizuri, halafu ukaanza kupinda kulia, ukapinda tena, ukaelekea kwenye njia ya miguu. Hapo ndipo walipomwona Bi Mize. Alikuwa amechelewa na wenzake wametangulia. Alikuwa peke yake na beseni lake la vitumbua kichwani.

Katika gofu, mpira ukielekea kwa mtu, aliyepiga na walio pamoja naye hupaza sauti: "Fooo!" Kila mchezaji anajua maana yake. Kinga kichwa, ujikunyate, usitazame.

Mkandarasi akapaza sauti. Kidawa naye akapaza sauti, kwa nguvu zake zote.

Bi Mize hakuwahi kuambiwa maana ya neno hilo. Alichosikia ni sauti ya mwanafunzi wake, sauti aliyoijua tangu utotoni, ikimwita kutoka mbali. Baada ya muda mrefu wa kupewa mgongo, Kidawa anamwita!

Akasimama. Akageuka. Akanyanyua uso.

"Abee!" akaitika.

Mpira ulimpiga juu ya shavu, kandokando ya jicho la kushoto.

Kidawa anapofika hapa kwenye simulizi yake hushusha sauti. Anatazama mikono yake. "Angekuwa hana adabu, mpira ungempita," anasema. "Angeendelea na safari yake, mpira ungepiga beseni au usingempata kabisa. Aliumia kwa sababu aliitika."

Beseni lilianguka na vitumbua vikatapakaa kwenye nyasi. Mkandarasi aliangalia kutoka alipokuwa, akanyanyua mkono kama mtu anayeomba radhi barabarani, kisha akasema, "Nilipiga kelele. Umesikia nimepiga kelele." Halafu akauliza mpira umeangukia wapi.

Kidawa hakumjibu vibaya. Aliuteremsha mkoba begani, akaulaza taratibu juu ya nyasi fimbo zisigongane.

"Unakwenda wapi? Tuko kwenye mashindano!"

"Fimbo zako zote zimo, bwana," alimwambia. "Mimi nakwenda kwa mama yangu."

Akakimbia.

Bi Mize alikuwa amekaa chini, kanga imelowa damu, akipapasa nyasi na kukusanya vitumbua asivyoviona. Kidawa alimfunga jeraha kwa ushungi wake mwenyewe, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume, jambo ambalo wanawake wa Mtondooni wanalikumbuka mpaka leo. Bajaji ilipatikana, na safari ya Kilindoni ikaanza, shimo baada ya shimo la barabara, kichwa cha Bi Mize kikiwa kwenye mapaja ya Kidawa.

"Ulikuwa unaniitia nini?" Bi Mize alimwuliza njiani.

Kidawa aliukaza ushungi kwenye jeraha.

Madaktari walishona jeraha na kulipigania jicho kwa wiki kadhaa. Halikupotea, lakini halikurudi kama zamani. Bi Mize anasema kwa jicho hilo anaona kama mtu anayetazama nje akiwa ndani ya chandarua.

*

Aliporudi kutoka Kilindoni, Kidawa alikuta amesimamishwa kazi. Mkandarasi alilalamika kwamba kedi wake alimwacha katikati ya mchezo, na meneja wa wakati ule akaona kanuni imevunjwa. Kwa familia yao lilikuwa pigo. Kazi ya kubeba mikoba ilimpa wastani wa shilingi laki tatu kwa mwezi, zaidi ya mara tatu ya alichopata kwenye makuti, na ndiyo iliyokuwa ikimlipia mwanawe wa kwanza chuo cha ufundi Mtwara.

Watu wa Mtondooni nao walikuwa wamechoka. Asubuhi moja wafanyakazi wa uwanja walikuta shimo la nne limezibwa kwa magogo ya minazi, na pale pa kuchezea pamepandwa vijiti vya mihogo, mstari baada ya mstari, vimemwagiliwa maji na vimependeza.

Mwenyekiti wa kijiji, Othmani, aliitisha mkutano kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Watu walijaa hadi barabarani. Wengi walitaka uwanja ufungwe moja kwa moja. Kidawa alipoonekana anakuja, walimpisha njia, wakijua mtu aliyesimamishwa kazi atakuja na moto.

Alisimama, akatoa salamu kwa wazee, kwa kina mama, kwa wageni wa dagoni. Kisha akasema hataki uwanja ufungwe.

Palizuka zogo. Kijana mmoja mvuvi, Dulla, mteja wa siku zote wa Bi Mize, alisimama na kupiga kelele: "Wamekununua!"

"Wangeninunua ningekuwa kazini leo," Kidawa alimjibu. "Dulla, nisikilize, halafu unitukane. Uwanja ukifungwa, yule bwana atarudi kwao aseme watu wa Mtondooni ni wakorofi, na hatarudi hapa kamwe. Nani basi atakuja kumwomba Bi Mize radhi? Mimi nataka aje. Nataka wote wanaokuja hapa wajue kuna watu wanapita. Wao wana adabu yao, na nimeisoma, ni nzuri. Sisi tuna yetu. Hatujawahi kukaa kuambiana. Kama nilikuwa na kosa ni hilo: nilikuwa kati ya pande mbili, nikawa naitumia moja huku na nyingine kule."

Zogo lilirudi. Ndipo Bi Mize, aliyeketi na bandeji yake miongoni mwa kina mama, akanyanyua fimbo yake ya kutembelea.

"Mimi mwenye jicho sijasema neno," alisema, "nyinyi wenye macho mazima mnapiga kelele. Nimemsikia mwanangu. Mimi sitaki shamba la mihogo pale. Nataka nikipita nisalimiwe."

Watu wakacheka, na ubishi ukaanza kulegea.

Siku tatu baadaye meneja alikuja kijijini akiwa na Hemedi. Wanaokumbuka wanasema alikaa kwenye benchi tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, na zaidi ya kuitikia salamu hakusema mengi. Alipoondoka, walikuwa wamekubaliana kwamba njia ya miguu haifungwi, na kwamba mwenye kupita kwa miguu ana haki kabla ya mpira. Hoteli ikachukua gharama zote za matibabu. Kidawa akarudi kazini, safari hii kama msimamizi wa uwanja mzima, kwa mshahara wa kila mwezi.

Makubaliano yalikuwa rahisi kuyasema. Kuyafanya kulichukua muda. Kwanza walitafuta neno la kuonya litakaloeleweka na kila mtu. Hemedi alipendekeza "Inama!" Walilijaribu kwa kina mama waliokuwa wakitoka dagoni. Mmoja alisimama akauliza, "Nani, mimi?" Mwingine akasema haiwezekani mtu mwenye beseni kichwani ainame.

"Kweli kabisa," Bi Mize aliwaambia. "Mimi nilikuwa radhi kuvunjika shingo kuliko kumwaga vitumbua."

Hapo Kidawa akaona kwamba kelele si dawa. Dawa ni mpira usipigwe kabisa mtu akiwa njiani. Ndipo alipoitafuta rimu ya lori, akaomba itundikwe. Anayepita anaigonga, wachezaji wanashusha fimbo, watu wanasalimiana, kila mmoja anaendelea na yake. Kwa dharura walichagua neno "Kichwa!", na Kidawa akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia kina mama kwamba wakilisikia, beseni litupwe, hoteli italilipa na vilivyomo.

Wageni waliipokea vipi? Wengine waliguna. Mmoja aliuliza kama kweli amelipa fedha zake ili asubiri vitumbua vipite. Kidawa alimwambia kwa upole kwamba katika gofu anasubiri kundi la mbele limalize shimo, na hawa pia ni kundi la mbele. Mgeni akafikiri kidogo, akasema sawa. Alipomaliza mchezo alinunua vitumbua kumi.

*

Mwaka jana mkandarasi alirudi.

Kidawa aliliona jina lake kwenye orodha ya wachezaji wa mashindano ya hoteli, na usiku huo hakula vizuri. Asubuhi alimkuta pa kuanzia, amesimama pembeni ya wenzake, anazungusha mpira kiganjani. Kidawa akamsogelea.

"Karibu tena, bwana. Za siku nyingi?"

"Nzuri." Akautia mpira mfukoni. Kisha akauliza, polepole, "Yule mama... yupo?"

"Yupo. Hajambo. Nyumba yake si mbali."

"Na mchezo?"

"Nimekuweka kundi la mwisho," alisema Kidawa. "Tunao muda."

Walitembea pamoja kwa njia ya miguu. Mkandarasi, aliyehojiwa kwa simu, anasema hakuwahi kuogopa hivyo hata alipokuwa akiingia kwenye vyumba vya zabuni. "Nilidhani ukishapiga kelele umemaliza wajibu wako," anasema. "Ndivyo nilivyojiambia mwaka mzima. Lakini kila nilipopiga mpira ukapinda kulia, nilikuwa nasikia lile neno aliloitika."

Mlangoni Kidawa alimwonyesha pa kuvua viatu. Akabisha hodi. Bi Mize akawakaribisha, akawapa mkeka, akaingia ndani, akatoka na sahani ya vitumbua na birika la chai ya mchaichai. Hakuuliza mgeni ni nani. Alimimina chai kwanza.

Mkandarasi alishika kitumbua, hakukila. Alianza kusema, akashindwa, akaanza tena. Bi Mize ndiye aliyemsaidia.

"Uliniita," alimwambia. "Nikaitika. Hukuja."

Kuku walikuwa wakiparua nyuma ya nyumba.

"Nimechelewa, mama," alisema mkandarasi. "Nisamehe."

"Umechelewa, lakini umekuja. Nimekusamehe. Kula, kinapoa."

Alikula. Akala na cha pili. Walizungumza habari za watoto, za bei ya mchele, za jicho. Kidawa alipomkumbusha kwamba kundi la mwisho limekaribia, mkandarasi alisema shindano liendelee bila yeye. Alirudi uwanjani saa sita mchana, akawapa mkono wenzake waliomaliza, akakaa kivulini na makedi akanywa nao maji. Tangu hapo huja Mafia mara mbili kwa mwaka, na kituo chake cha kwanza kutoka uwanja wa ndege si hotelini.

Bi Mize naye ana sharti lake. "Nimemwambia aje wakati wowote," anasema. "Ila akiwa kwenye gofu yake, asiniite tena."

Kati yake na Kidawa, ile amani ya juujuu imekwisha. Siku chache kabla ya mazungumzo haya Bi Mize alipita uwanjani mgeni akiwa ameinama juu ya mpira, mbali kidogo na njia. Alisimama, akawakataza wenzake kwa kidole mdomoni, akangoja mpira uondoke. Ndipo akasema, "Hujambo, Kidawa?" Kidawa aligeuka na uso wake wote, akaitika.

*

Uwanja wa Mtondoo hufungwa Jumatatu. Siku hiyo nyasi hupumzika, na wafanyakazi wanaruhusiwa kucheza. Kwa muda mrefu ni wanaume tu walioitumia ruhusa hiyo. Siku hizi Kidawa naye huja, na fimbo tano zilizoachwa na mgeni mmoja wa Kenya, nyingine ndefu kuliko kimo chake.

Mwakani anataka kuingia kwenye mashindano ya hoteli. Hajapata kutokea mwanamke wa kisiwani aliyeshiriki, na ameshamwambia meneja mpya, ambaye amekubali. Anataka pia wasichana wanne wa kijiji wafunzwe ukedi kwa mkataba, wasianze kama yeye kwa kuitwa siku watu wamepungua.

"Nimebeba mikoba ya watu miaka kumi na moja," anasema. "Nimewaambia huku kuna upepo, huku kuna mteremko, piga taratibu. Nataka nijue kama mimi mwenyewe nikiambiwa nasikia."

Anayembebea ni mumewe. Luqmani ni mtu anayejulikana kwa kusema. Husema akishona nyavu, husema akila, na wavuvi wenzake wanadai husema hata akiwa chini ya maji. Sharti pekee alilopewa na mkewe ni kufunga mdomo kuanzia fimbo inaposhikwa mpaka mpira utue.

Jumatatu hii wako kwenye shimo la tisa. Kidawa amevua kandambili, amesimama peku kwenye nyasi. Mbele yake, ng'ambo ya bonde dogo, bendera inapepea juu ya grini, lile duara la nyasi fupi lenye shimo. Luqmani anaona kitu, pengine ndege, pengine wazo. Anafungua mdomo. Anaufunga. Anauuma mkanda wa mkoba kwa meno.

Kidawa anapiga.

Mpira unapanda juu ya vilele vya minazi michanga, unakaa huko kitambo.

"Sasa niseme?" Luqmani ananong'ona.

"Bado."

Mpira unashuka. Unadunda mara moja, unabingirika, unasimama karibu na bendera kiasi kwamba mtu aliyesimama penye bendera angeweza kuufikia kwa kunyoosha mguu.

Kidawa anavuta pumzi. "Haya," anamwambia, "sema."

Luqmani anamtazama mkewe, anatazama mpira, anamtazama tena. Midomo inacheza, lakini hakitoki kitu. Anaishia kucheka, anaunyanyua mkoba begani, na kumfuata.